Wavu Uliofumuliwa: Protini ya GAD65 na Majibu Hasi ya Kisukari Kanda ya Ziwa

Hotuba kwa wataalamu wa maabara, madaktari na wanafunzi wa afya jijini Mwanza, imeandikwa kwa ajili ya kusomwa.

Ndugu wataalamu wa maabara, madaktari, wauguzi, na nyie vijana wa chuo mliojibana pale nyuma karibu na mlango: itifaki imezingatiwa. Wakubwa shikamooni.

Tumeombwa tuzungumzie kisukari kinachotokana na kinga ya mwili. Tutazungumzia protini moja tu, GAD65. Hiyo moja ikiharibika kwenye friza, mengi tunayoyasema kuhusu kisukari cha vijana wa kanda hii yanakosa mguu wa kusimamia.

Chukueni mfano. Binti wa miaka 16 analetwa kutoka Nansio. Amekonda ndani ya wiki chache, maji anakunywa jagi kwa jagi, usiku haishi kutoka kwenda haja, na mashine ya kidoleni imeshindwa kusoma sukari kwa jinsi ilivyo juu. Anaanzishiwa insulini, anapata nafuu. Daktari anataka kujua kama hii ni aina ya kwanza, ile ambayo kinga ya mwili imezigeukia seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, au ni kitu kingine. Damu inatolewa, seramu inatenganishwa, kipimo cha kingamwili dhidi ya GAD65 kinafanyika. Jibu linarudi: hasi.

Hasi hiyo ni ya nani? Ya binti, au ya protini ya GAD65 tunayoiweka kwenye pleti, kile kisahani cha vishimo cha kupimia, ili kingamwili zake ziinase? Ukiishika karatasi ya majibu huwezi kuzitofautisha, maana zote mbili zinaandikwa kwa herufi zile zile. Na daktari anaweza kufika mahali pa kusema "basi hii si aina ya kwanza, tujaribu vidonge". Kwa mtu ambaye kongosho yake haina tena insulini, kusimamisha sindano ni suala la siku chache tu kabla hajarudi na asidi kwenye damu, anahema kwa nguvu, au hajarudi kabisa.

GAD65 ni kimeng'enya. Kazi yake ni kuondoa kaboni dayoksaidi kwenye glutamati ili ibaki GABA, kemikali ambayo kwenye ubongo hutuliza neva. Seli beta za kongosho nazo zinayo, imeegeshwa kwenye kuta za vifuko vidogo ndani ya seli. Kwa nini seli za insulini zihangaike na GABA, hilo tuliache kwa leo. Mnyororo wake una asidi amino 585 na uzito wake ni takriban kilodaltoni 65, ndiko jina lilikotoka. Jeni lake, GAD2, liko kwenye kromosomu ya 10. Anaye ndugu, GAD67, wa kromosomu ya 2. Wanafanana sana kuanzia katikati hadi mkiani, ila kinga ya mgonjwa wa kisukari humwandama zaidi huyu mdogo.

Historia yake fupi. Mwaka 1982 Steinunn Baekkeskov na wenzake walionyesha kwamba seramu za watoto wenye kisukari kipya hunasa protini fulani ya visiwa vya kongosho, yenye uzito wa takriban kilodaltoni 64. Kwa miaka minane ikaitwa kwa uzito wake tu, kama mtu anayeitwa "yule mrefu" kwa sababu jina lake halijulikani. Mwaka 1990 ndipo ilipotambuliwa kuwa ni GAD. Mlango ulifunguliwa na ugonjwa mwingine kabisa, ule adimu wa misuli kukakamaa, ambao wagonjwa wake wana kingamwili nyingi mno dhidi ya GAD na baadhi yao wana kisukari pia. Mshike ugonjwa huo akilini, utatusumbua baadaye kidogo.

Sasa protini yenyewe tunaipata wapi? Kongosho za binadamu hazipatikani sokoni Kirumba. Kwa hiyo jeni la binadamu linapandikizwa kwenye seli nyingine, na seli hiyo inageuzwa kiwanda. Hiyo ndiyo maana ya neno rekombinanti: jeni ni la mtu, mtengenezaji ni kiumbe mwingine.

Kiwanda rahisi ni bakteria E. koli. Anakua haraka, chakula chake ni cha bei ndogo, lakini kwa GAD65 nzima ana tabia mbaya: anaitengeneza kwa pupa, minyororo inasokotana kabla haijajikunja, inazama ndani ya seli kama madonge. Madonge hayo unaweza kuyayeyusha kwa urea ya mola 8, na kwenye jeli, ile inayotenganisha protini kwa uzito, utaona mstari mnene mzuri mahali pake kabisa. Usifurahi. Ulichonacho ni uzi, na kuurudisha uzi huo kwenye umbo lake ni kazi inayoshinda wengi. Wengine hutumia hamira. Na wengine hutumia seli za wadudu zinazoitwa Sf9, ambazo huambukizwa bakulovirusi aliyebebeshwa jeni la GAD2. Wakulima wa Magu na Kwimba wanamfahamu mdudu huyo vizuri: seli hizo asili yake ni kiwavijeshi vamizi, huyu huyu anayetumalizia mahindi shambani. Maabarani analipa sehemu ya deni, kwa sababu seli zake hukunja protini ya binadamu vizuri kuliko bakteria.

Kuna ujanja mwingine, wa kuukata mnyororo kichwani. Mwanzo wa GAD65 unapenda mafuta. Asidi amino ziitwazo sisteini, za nafasi ya 30 na 45, hubandikwa mkia wa asidi ya mafuta ili protini ishike kwenye utando. Ndani ya seli hiyo ni nanga. Ndani ya chupa ni gundi: protini inashikamana na ukuta wa plastiki, inashikana yenyewe kwa yenyewe. Ukikata asidi amino 69 za mwanzo inayeyuka kwa urahisi zaidi. Waliopiga picha ya umbo lake kwa miale ya eksirei mwaka 2007 walikata 83. Na kwenye vipimo vya kingamwili, kipande cha kuanzia 96 hadi 585 kimeonyesha faida ya pekee, kwamba watu wasio na kisukari wanaosoma chanya kidogo kidogo hupungua, kwa sababu baadhi yao kingamwili zao hushika kile kichwa, na kingamwili za kichwani hazitabiri ugonjwa sana. Ukiagiza protini, usiishie kuuliza kama ni GAD65. Uliza inaanzia asidi amino ya ngapi, imetengenezwa kwenye seli gani, na ina lebo gani ya kusafishia, yaani kipande kilichoongezwa ili protini inaswe wakati wa kuisafisha. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo matatu, nunua kwa mwingine.

Sasa tufike kwenye wavu. Mvuvi akiufumua wavu wake, nyuzi ni zile zile, uzito kwenye mizani ni ule ule, hakuna hata kipande kilichopotea. Lakini haunasi hata dagaa. Kingamwili nyingi za mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza hazisomi mnyororo wa GAD65 kwa mfuatano, shanga baada ya shanga. Zinashika uso wa umbo, mahali ambapo vipande vilivyo mbali kwenye mnyororo vimekutanishwa na mkunjo. Umbo likifumuka, uso huo haupo tena. Protini ipo, mizani inaiona, jeli inaiona. Kingamwili ya mgonjwa haiioni.

Ndiyo maana kuichemsha kwa nyuzi 95 pamoja na sabuni ya SDS, kuiendesha kwenye jeli, kuihamishia kwenye karatasi na kumwagia seramu ya mgonjwa ni njia isiyofaa kwa kazi hii. Wapo wanaofanya hivyo, wanapata karatasi nyeupe, wanaandika hasi. Na hapa ndipo ule ugonjwa wa misuli kukakamaa unapotusumbua. Seramu za wagonjwa wale mara nyingi hushika hata GAD65 iliyofumuliwa, kwa sababu zina kingamwili nyingi na baadhi yake husoma mfuatano wenyewe. Maabara ikitumia seramu ya namna hiyo kama kontroli chanya, yaani sampuli ya kuthibitisha kwamba kipimo kinaweza kusema chanya, kontroli itapita kila siku, pleti itapewa baraka, na wagonjwa wote wa kisukari watatoka hasi. Kwa maoni yetu hili ni kosa baya kuliko protini kufa, kwa sababu protini imekufa na kuna shahidi anaapa kwamba ni hai. Kontroli chanya iwe seramu ya mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, yenye kiwango cha kati, si ile inayovunja mashine. Weka na nyingine iliyo juu kidogo tu ya mstari wa kukatia, ile namba inayotenganisha hasi na chanya. Hiyo ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuanguka protini ikianza kuchoka.

Umbo hilo linalindwa na nini? Cha kwanza ni PLP, ambayo ni vitamini B6 katika hali yake ya kufanya kazi. Inakaa katikati ya kimeng'enya, imeshikwa na lisini ya nafasi ya 396. GAD67 huishikilia PLP yake kwa nguvu. GAD65 huiachia kirahisi, na zile picha za 2007 zilionyesha sababu: kitanzi kimoja kinachofunika mlango wa kimeng'enya kinachezacheza kwa GAD65, kwa GAD67 kimetulia. Kwa hiyo bafa yako, yale maji yanayoshikilia pH ya protini, lazima iwe na PLP ya ziada. Mchanganyiko unaofanya kazi ni fosfati ya potasiamu milimola 50, pH 7.2, PLP milimola 0.2, gliseroli asilimia 10, na kemikali ya kuzuia sisteini zisishikane.

Msiipite haraka hiyo fosfati ya potasiamu. Mtu akikosa hiyo anachukua bafa nyingine, Tris, kwa sababu Tris iko kwenye kila rafu. Tris ina kundi la amini, na PLP hukimbilia amini. Itajifunga kwenye Tris na kuiacha protini yako mikono mitupu. Mwingine anachukua fosfati ya sodiamu, anasema si fosfati tu? Ukiigandisha fosfati ya sodiamu, chumvi moja hutangulia kuganda na kujitenga, pH inaporomoka hadi upande wa asidi kabisa wakati protini bado imo kwenye matone yasiyoganda. Ukiiyeyusha kesho na kuipima, pH imerudi 7.2, huoni kitu. Potasiamu haifanyi hivyo kwa kiasi hicho.

PLP huogopa mwanga. Ina rangi ya njano hafifu, kama chai ya mchaichai iliyopoa, na chupa yake ifungwe kwa karatasi ya alumini tangu inapotoka kwenye friji. Rangi hiyo ni rafiki yenu. Ukiisafisha protini, ukaondoa PLP iliyo huru, kisha ukaisoma kwenye spektrofotometa, PLP iliyoshikwa na protini huonyesha kilima karibu na nanomita 420. Kilima kikiwa hakipo, PLP imetoka.

Kwa wanaosafisha wenyewe kwa safu ya nikeli, mrija unaonasa lebo ya protini: DTT, moja ya kemikali za kuzuia sisteini zisishikane, na nikeli haviivani. Safu yako ya bluu itageuka kahawia, na hapo umepoteza safu na protini. Tumia merkaptoethanoli, isizidi milimola 5, au TCEP. EDTA, kemikali inayonasa metali, nayo iache kabisa, inaibeba nikeli yote na kuondoka nayo.

Tukija kwenye kuhifadhi, hapa Mwanza mambo yana sura yake. Protini inasafiri juu ya barafu kavu, nyuzi −78.5, inatua Dar es Salaam, inasubiri karatasi, inapanda ndege nyingine. Barafu kavu ni kaboni dayoksaidi iliyoganda. Kifuniko kikilegea, gesi hiyo inaingia kwenye kichupa na kukitia asidi. Kwa hiyo mzigo ukifika usikimbilie kuyeyusha ili "uone kama imefika salama". Angalia barafu imebaki kiasi gani, kaza vifuniko, ingiza kwenye friza ya −80 na uiache walau mpaka kesho, gesi itoke. Friza ya −20 ile inayojiyeyusha barafu yenyewe isiguswe kwa kazi hii. Kila inapojiyeyusha inapandisha joto, na protini yako inakaa kwenye bembea usiku kucha.

Igawanye siku ya kwanza unapoiyeyusha. Tuseme umepata mikrogramu 100 ndani ya mikrolita 100. Weka mikrolita 5 kwenye kila kichupa kisichonata protini. Utapata vichupa 20, kila kimoja mikrogramu 5. Mikrogramu 1 ya GAD65 ni takriban pikomoli 15, hesabu hiyo itawasaidia mkitaka kuibandika biotini, kibandiko kidogo tutakachokitumia kwenye kipimo. Yeyusha kwenye barafu, tumia mara moja, kilichobaki kimwagwe. Tunajua kumwaga kunauma, na tunajua bei. Lakini kurudisha kichupa kilichoyeyuka ndiko kunakozaa pleti inayosoma vizuri Jumatatu na vibaya Alhamisi. Ukitaka kuongeza albumini ili protini isinate, sawa, ila si kwenye kundi utakalolibandika biotini, maana albumini ni nyingi kuliko GAD65 na itaila biotini yote. Biotini yenyewe hujibandika kwenye lisini. Ukizidisha utafunika hata zile nyuso zinazotafutwa na kingamwili. Anza na molekuli 5 za biotini kwa 1 ya protini, upime, ndipo upandishe.

Jambo la umeme hatulisemi kwa kunung'unika, tunalisema kama kitendanishi kingine. Friza ya −80 iliyojaa na mlango umefungwa itastahimili saa kadhaa. Iliyo nusu tupu haistahimili. Jazeni nafasi kwa chupa za maji. Na wekeni chupa moja ya maji yaliyoganda yenye sarafu juu yake: mkirudi Jumatatu sarafu imezama, hakuna haja ya kumuuliza mlinzi umeme ulikatika saa ngapi. Ila msijidanganye kwa sarafu isiyozama. Maji huyeyuka nyuzi 0, bafa yenye gliseroli hulegea mapema zaidi, kwa hiyo kipimajoto chenye kumbukumbu ndicho chenye neno la mwisho.

Seramu kwa upande wake ni ngumu kuliko mnavyoidhania. Kingamwili ni protini zilizojengwa kudumu; seramu iliyotenganishwa vizuri inakaa siku kadhaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 bila kupoteza jibu. Kwa hiyo sampuli ya kisiwani isikataliwe kwa sababu meli imechelewa. Muhimu damu iachwe igande dakika 30, izungushwe kwa g 1,500 dakika 10, na seramu iondolewe juu ya seli kabla ya safari. Damu nzima ikitikiswa na mawimbi kutoka Ukerewe, seramu yake itafika nyekundu, seli zimepasuka. Tatizo la kipimo hiki huwa upande wa protini kuliko upande wa mgonjwa.

Kabla ya kuiamini protini, ijaribu. Njia moja ni kupima kama bado inafanya kazi: ipe glutamati, kisha GABA inayotoka ipimwe kwa mchanganyiko wa vimeng'enya uitwao GABase, ambao kwa kila GABA huzalisha NADPH moja, nayo unaisoma kwenye nanomita 340 kwa mashine ambayo maabara nyingi wanayo. Ukiongeza PLP na kasi ikapanda sana, ujue kimeng'enya kilikuwa kimeivua PLP yake. Njia ya pili ni kingamwili mbili za maabara: GAD6, ambayo huishika GAD65 hata iliyofumuliwa, na b96.11, ya binadamu, ambayo inahitaji umbo. GAD6 ikisoma vizuri na b96.11 ikashuka, mna uzi. Tunapendelea hii ya pili, kwa sababu ndiyo inayouliza swali lile lile litakaloulizwa na seramu ya mgonjwa.

Kipimo chenyewe. Cha zamani kinachoheshimika ni cha mionzi: GAD65 inatengenezwa kwenye mirija ikiwa na salfa-35, inachanganywa na seramu, kingamwili zinavutwa kwa protini A, ambayo hushika kingamwili. Ni kizuri, lakini salfa-35 hupungua nusu kila baada ya siku 87, na mzigo ukichelewa njiani mnahesabu vumbi. Kwa hapa, ELISA ya daraja, kipimo cha pleti kinachosomwa kwa rangi, ndiyo inayofaa. Ukiibandika GAD65 kwenye plastiki halafu ukatafuta kingamwili kwa njia ya kawaida, hupati kitu cha maana; nyuso nyingi zimelala kwenye plastiki. Daraja hutumia ukweli kwamba kingamwili ina mikono miwili. Mkono mmoja unashika GAD65 ya kwenye pleti, wa pili unashika GAD65 iliyo huru kwenye maji, yenye biotini. Kisha streptavidini, protini inayoshika biotini, ikiwa na kimeng'enya cha peroksidezi, hufuata biotini; TMB, kemikali ya rangi, inageuka bluu, asidi inaifanya njano, mnasoma nanomita 450.

Kwenye seti nyingi ni mikrolita 25 za seramu kwa kishimo, kila sampuli vishimo viwili, kisha baada ya kuosha mikrolita 100 za GAD65 yenye biotini. Muda na mtikisiko fuateni karatasi iliyomo kwenye boksi, kila mtengenezaji ana wake. Karatasi inaposema joto la chumba, inamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Alasiri ya Mwanza chumba kisicho na kiyoyozi hakiko huko. Pleti itawaka haraka, vishimo vya pembeni vitatangulia vya katikati, na mtu atadhani wagonjwa wa safu A wana kingamwili zaidi ya wa safu D. Fanyeni asubuhi, funikeni pleti, na vitendanishi vyote viwe vimefikia joto la chumba kabla ya kuanza. Maji ya kuoshea yasiwe na azidi ya sodiamu, inaiua peroksidezi. Pleti nzima itabaki nyeupe pamoja na kontroli zake. Hilo angalau ni kosa la uaminifu, linajitangaza lenyewe.

Lisilojitangaza ni sampuli iliyozidi. Kingamwili zikiwa nyingi mno, mikono yote miwili inashika pleti, daraja halijengeki, na namba inashuka. Mgonjwa mwenye kingamwili nyingi kuliko wote chumbani anasoma kiasi cha kati, au chini ya hapo. Sampuli yoyote iliyo karibu na kilele cha mchoro, na yoyote ambayo daktari ameandika kukakamaa kwa misuli, ichanganywe 1 kwa 10 na 1 kwa 100 na kurudiwa. Kwa ugonjwa ule si ajabu kuvuka IU 10,000 kwa mililita.

Upande wa pili kuna chanya za uongo, na hapa pwani ya ziwa tuna sababu zetu. Malaria huamsha seli zinazotengeneza kingamwili kwa jumla jumla, bila kuchagua. Kichocho nacho, kwa anayeishi na maji haya kila siku, huiweka kinga macho kwa miaka. Seramu za namna hiyo zimejaa kingamwili za kila aina, na baadhi hunata tu. Dawa ni kipimo cha ushindani: seramu ya chanya kidogo ichanganywe kwanza na GAD65 ya ziada isiyo na biotini, mikrogramu 1 kwa mikrolita 25, saa moja, na nyingine ya mgonjwa huyo huyo ichanganywe na albumini kiasi hicho hicho. Ya kweli itaporomoka kwenye GAD65 na kubaki juu kwenye albumini. Isiyobadilika popote ni mnato. Na mstari wa kukatia msiuazime tu kutoka kwenye boksi. Pimeni watu wazima wenye afya wa Sengerema, Misungwi, Ilemela, walau 200, mtafute mahali ambapo 99 kati ya kila 100 wako chini. Matokeo myafunge kwenye kipimo rejea cha Shirika la Afya Duniani, namba 97/550, ili takwimu za Mwanza ziweze kuwekwa meza moja na za Kampala.

Na Kampala haiko mbali na hoja yetu. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, wa watu karibu 900 waliopata kisukari wakiwa vijana na kuhesabiwa aina ya kwanza. Takriban theluthi mbili hawakuwa na kingamwili za visiwa vya kongosho. Hilo ni jambo zito: huenda vijana wengi wa upande wetu wa dunia wana kisukari cha kukosa insulini kisichotokana na kinga. Lakini angalieni linatuweka wapi sisi wa maabara. Zamani hasi ilikuwa inashangaza, mtu anarudia kipimo. Sasa hasi imekuwa kitu kinachotarajiwa, na hakuna atakayerudia. Protini iliyofumuka italeta matokeo yanayofanana kabisa na ugunduzi huo. Wale walipima kwa uangalifu; anayetaka kusema kanda ya ziwa iko hivyo hivyo lazima kwanza aonyeshe kwamba pleti yake ilikuwa na uwezo wa kusema chanya siku ile.

Kuna anayeuliza kama protini hii hii ni dawa. Imejaribiwa. GAD65 iliyochanganywa na alumini, mikrogramu 20 chini ya ngozi, ilishindwa kwenye jaribio kubwa lililotoa matokeo mwaka 2011. Baadaye wakajaribu mikrogramu 4 tu, moja kwa moja kwenye tezi ya limfu ya kinena, mara tatu kwa kuachana mwezi mmoja, pamoja na vitamini D. Matokeo ya 2021 yalionyesha faida kwa wenye aina fulani ya HLA, zile jeni za kinga tunazorithi, iitwayo DR3-DQ2, si kwa kila mtu. Haijawa dawa ya kumwandikia mgonjwa, na yeyote anayewauzia wazazi kwa jina la chanjo ya kisukari anawaibia.

Kwa hiyo turudi kwa binti wa Nansio na karatasi yake. Msiandike "hana kisukari cha aina ya kwanza". Kipimo hakikuulizwa hivyo. Andikeni: kingamwili dhidi ya GAD65 hazikuonekana; namba iliyosomwa; mstari wa kukatia; njia iliyotumika na kipande cha protini kinaanzia wapi; kontroli ya chini ilisoma ngapi siku hiyo; na muda tangu ugonjwa ugundulike, kwa sababu kingamwili hufifia kadiri miaka inavyokwenda. Chini yake ongezeni kwamba kingamwili nyingine za aina ya kwanza, za IA-2 na ZnT8, hazijapimwa, kama hazijapimwa. Kingamwili za insulini msizipendekeze ikiwa ameshachoma sindano zaidi ya wiki mbili, zitakuwa za dawa. Kisha mstari mmoja kwa daktari: insulini isisimamishwe kwa sababu ya jibu hili.

Tunayo pleti moja hapa mezani, safu ya kwanza hadi ya tatu ni GAD65 iliyohifadhiwa vizuri, ya nne hadi ya sita ni ile ile iliyochemshwa dakika 5. Seramu ni zile zile. Sogeeni muone rangi.